Prosesa imezeeka, au inasingiziwa? Utatuzi wa matatizo ya kompyuta ya gemu

Kompyuta ya gemu ikianza kuchoka, lawama ya kwanza huiangukia prosesa, yaani CPU, ubongo wa kompyuta. Muuzaji wa Kariakoo naye hatakubishia, maana prosesa ndiyo anayouza. Ukifungua kasha, hata hivyo, mara nyingi unakuta vumbi limejaa kwenye kipoza, RAM (kumbukumbu ya muda) ya kijiti kimoja, au pawa saplai ambayo uzito wake tu unakwambia haiwezi kutoa wati 500 zilizoandikwa ubavuni.

Kila dalili hapa chini ina visababishi vyake, kuanzia kinachotokea sana hadi kinachotokea kwa nadra. Usiruke ukaguzi wa mwanzo, kwani karibu wote ni bure.

Kabla ya yote: pima

Pakua MSI Afterburner, ambayo huja na RivaTuner inayoandika namba juu ya gemu, pamoja na HWiNFO64 inayosoma joto na hali ya vifaa. Zote ni bure. Weka kwenye skrini matumizi ya kadi ya video, matumizi ya kila uzi wa prosesa (thread, yaani mkondo mmoja wa kazi) peke yake, joto la prosesa na la kadi, RAM iliyotumika, na fremu kwa sekunde, yaani FPS. Zima V-Sync (mpangilio unaofunga FPS kwenye kasi ya monita) na ukomo wowote wa FPS, la sivyo kadi itaonekana mvivu kumbe umeiamuru wewe ipumzike. Cheza dakika 20. Dakika mbili hazitoshi, joto huchukua muda kujaa ndani ya kasha.

Kadi ya video ikikaa 95 hadi 99%, kadi ndiyo iliyofika mwisho wake, na prosesa mpya haitakuongezea kitu cha maana. Kadi ikikaa 50 hadi 75% huku uzi mmoja au miwili ya prosesa ikigota karibu na 100%, prosesa ndiyo inayoichelewesha kadi. Vyote viwili vikiwa chini, tafuta kwenye RAM, diski, joto au umeme.

Namba ya jumla ya prosesa kwenye Task Manager ya Windows inadanganya. Prosesa ya nyuzi 8 inaweza kuonyesha 30% wakati uzi unaobeba kazi kuu ya gemu umeelemewa kabisa, kwa sababu uzi huo mmoja ni 12.5% tu ya jumla.

Kisha thibitisha: shusha ukubwa wa picha (resolution) kutoka 1920×1080 hadi 1280×720, usiguse kitu kingine. FPS zikipanda sana, tatizo ni kadi. Zikibaki palepale, ni prosesa au RAM inayoilisha. Bila jaribio hili usitoe hata shilingi.

Dalili ya 1: Gemu inaanza vizuri, kisha FPS zinaporomoka baada ya dakika 10 hadi 20

Hii ndiyo dalili ya Dar es Salaam hasa. Januari hadi Machi, chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi joto 30 kirahisi, na kila digrii inayoongezeka chumbani huongeza takriban digrii moja kwenye prosesa. Kompyuta iliyojengwa kwa mahesabu ya chumba cha digrii 22 inaanza mchezo ikiwa na deni la digrii kumi.

*Vumbi.* Kinachotokea sana. Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe, kisha puliza kwa blowa. Shikilia panga la feni kwa kidole unapopuliza, lisizunguke kwa kasi ya upepo na kuua beringi. Usitumie mashine ya kunyonya vumbi ya nyumbani karibu na mazabodi (bodi kuu inayobeba prosesa na RAM), huzalisha umeme tuli. Wanaoishi karibu na bahari, Kigamboni, Msasani au Mbezi Beach, wafanye hivi kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu vumbi lenye chumvi na unyevu hushika kama tope na halitoki kwa kupuliza mara moja.

*Pesti iliyokauka.* Ile pesti ya kijivu kati ya prosesa na kipoza hukauka kadiri miaka inavyopita. Ukiona HWiNFO64 inaandika Yes kwenye mstari wa Thermal Throttling, au prosesa ya Intel inagusa digrii 100, au Ryzen inakaa kwenye 90 hadi 95, badilisha pesti. Futa ya zamani kwa pombe ya isopropili ya 90% au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Spiriti ya famasi mara nyingi ina maji mengi, na nyingine huchanganywa mafuta yanayobaki juu ya chuma. Pesti mpya inatosha kiasi cha punje ya njegere, katikati.

*Kipoza kilicholegea.* Vile vipoza vya Intel vya bure vinashikwa na pini nne za plastiki za kusukuma. Pini moja ikiachia, kipoza kinainuka upande mmoja na joto linapanda digrii 15 au 20 bila sababu inayoonekana. Geuza mazabodi, hakikisha pini zote nne zimetokeza nyuma.

*Hewa haipiti.* Ondoa mfuniko wa ubavuni na ucheze tena. FPS zikitulia, umepata jibu: kasha linahitaji feni ya kuingiza mbele na ya kutoa nyuma. Kucheza siku zote na kasha wazi mbele ya feni ya mezani ni jaribio zuri na makazi mabaya, vumbi lote la mtaa litahamia humo.

*Sehemu ya mazabodi inayolisha prosesa umeme.* Nadra kidogo, lakini ndiyo inayowaumiza wanaokimbilia prosesa kubwa. Mazabodi nyingi za bei ya chini za familia ya A320, H110 na H310 hazina vyuma vya kupozea pembeni ya soketi (mahali prosesa inapokaa). Dalili yake ni ya ajabu: prosesa iko digrii 70 tu, lakini kasi yake inaanguka ghafla chini ya GHz 2. Elekeza feni ndogo pale pembeni ya soketi. Kasi ikirudi, mazabodi hiyo haibebi hata prosesa iliyopo, usiiwekee yenye viini (cores) vingi zaidi.

Dalili ya 2: Gemu inakwenda, inaganda nusu sekunde, inaendelea

Watu husema inalagi, lakini tenganisha na intaneti kwanza. Cheza gemu isiyohitaji mtandao. Ikiganda pia, tatizo limo ndani ya kasha.

1. *RAM imejaa.* GB 8 hazitoshi tena kwa gemu mpya pamoja na kivinjari na Discord nyuma yake. Ukiona matumizi yamegonga 90% na kuendelea, Windows inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na hapo ndipo kuganda kunapoanza. GB 16 ndiyo sakafu.

2. *Gemu iko kwenye HDD (diski ya kuzunguka).* Task Manager ikionyesha diski 100% kila inapoganda, hamishia gemu kwenye SSD (diski ya chipu, isiyozunguka). Hata SSD ya SATA inatosha.

3. *RAM ni kijiti kimoja.* Kompyuta nyingi za ofisi za mtumba, Dell OptiPlex na HP EliteDesk, zinauzwa na kijiti kimoja cha GB 8. Prosesa ina njia mbili za kwenda kwenye RAM, nawe umeiachia moja. Fungua CPU-Z (programu inayoonyesha vifaa vilivyomo ndani), sehemu ya Memory, uone ni njia moja au mbili zinazotumika. Vijiti viwili vinavyofanana, kwenye mazabodi ya sloti nne, huwekwa sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa.

4. *RAM inakwenda taratibu kuliko ilivyonunuliwa.* Umelipia RAM ya kasi ya 3200, mazabodi inaiendesha kwa 2133 au 2400 kwa sababu hakuna aliyewasha XMP (mpangilio wa kasi kamili ya RAM) kwenye BIOS (menyu ya mazabodi inayofunguka kabla ya Windows). Kwenye CPU-Z utasoma nusu ya namba: 1600 ndiyo 3200. Mwenye Ryzen ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa mawasiliano ya ndani ya prosesa hizo yanafuata kasi ya RAM. Mazabodi nyingi za ofisi hazina XMP kabisa, usiitafute usiku kucha.

5. *Kumbukumbu ya kadi ya video imejaa.* Shusha ubora wa textures (picha za nyuso za vitu kwenye gemu) ngazi moja tu. Kuganda kukiisha, ni hii.

6. *Prosesa yenyewe.* Baada ya hayo yote, i5 za zamani zenye viini 4 na nyuzi 4, kama i5-4570, i5-6500 au i5-7400, zina hatia ya kweli. Wastani wa FPS unaweza kuonekana mzuri, lakini zile fremu mbaya kuliko zote, zinazoandikwa kama 1% low, zinaanguka vibaya kila kitu kingine kinapoomba nafasi.

Dalili ya 3: FPS ndogo muda wote, na kadi ya video inakaa bila kazi

Angalia nyuma ya kompyuta kwanza. Waya wa monita umechomekwa kwenye kadi ya video, au kwenye mazabodi? Kosa hili halina elimu wala umri. Kisha angalia kama Windows imewekwa kwenye mpango wa kubana umeme, na kama monita yako ya 144 Hz bado inaendeshwa kwa 60.

Kisababishi kinachofuata ni kadi mpya kwenye mazabodi ya zamani. Kadi ya RX 6500 XT inatumia njia nne tu za PCIe (muunganisho wa kadi na mazabodi). Imetengenezwa kwa PCIe 4.0, na ukiichomeka kwenye mazabodi ya 3.0 njia hizo nne zinabeba nusu ya mzigo. Kadi za Intel Arc zinahitaji Resizable BAR (mpangilio wa BIOS unaoiruhusu prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi) iwashwe, na hata ikiwashwa, draiva zake zinaitwika prosesa kazi nyingi kiasi kwamba Arc B580 iliyo nzuri kwenye kompyuta mpya inaweza kukuvunja moyo kwenye prosesa ya zamani. Mwenye i7 ya kizazi cha nne asinunue Arc.

Vyote vikiwa sawa na nyuzi za prosesa zimegota, basi sasa ni prosesa. Counter-Strike 2 na Dota 2 zinaegemea prosesa zaidi ya kadi, kwa hiyo mchezaji wa gemu hizo ataona faida ya prosesa mpya mapema kuliko yule anayecheza gemu za picha nzito kwa ubora wa juu.

Dalili ya 4: Gemu inakataa kufunguka kabisa

Hapa kasi haihusiki. Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwasha). Windows 10 iliacha kupata matoleo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia Intel kizazi cha 8 na Ryzen 2000, ukiacha vighairi vichache. Ndiyo maana i7-7700, ambayo bado ina nguvu za kutosha kwa gemu nyingi, imewekwa nje ya mlango.

Kabla ya kununua chochote ingia BIOS utafute TPM ya ndani ya prosesa, inayoitwa fTPM kwenye AMD au PTT kwenye Intel. Mara nyingi ipo, imezimwa tu. Secure Boot nayo inahitaji diski iwe na mpangilio wa GPT badala ya ule wa zamani wa MBR, na kugeuza diski bila nakala ya mafaili yako ni kucheza kamari.

Dalili ya 5: Inazima ghafla au kujiwasha upya katikati ya gemu

Prosesa ni mshukiwa wa mwisho hapa. Anza na umeme.

Umeme wetu ni volti 230. Taa za nyumba zikififia jokofu au pampu ya maji inapowaka, kompyuta nayo inaonja mshuko huohuo. Chomeka kwenye UPS au stabilaiza, moja kwa moja, si kupitia ekstensheni inayolisha vitu vingine sita. Ikitulia, umeme wa nyumba ndio chanzo. Isipotulia, azima pawa saplai unayoiamini na ujaribu nayo. Ikiwa kompyuta inazima tu pale kadi ya video inapofika 99%, pawa saplai imeshindwa kubeba kilele.

Tafuta pia WHEA-Logger (ripoti za makosa ya vifaa) kwenye Event Viewer ya Windows. Zikijirudia, shuku RAM iliyozidishiwa kasi, kisha mazabodi, kisha prosesa. Wenye Core i7 na i9 za kizazi cha 13 na 14 wana kesi yao maalumu: baadhi ziliharibika kwa volti kupanda mno, na Intel ilitoa marekebisho mwaka 2024 yanayokuja kupitia BIOS. Prosesa iliyokwisha kuharibika haiponi kwa BIOS, inarudishwa kwa dhamana.

Simama na uite mtu ukikuta mojawapo ya haya: harufu ya kuungua, soketi ya ukutani yenye joto, cheche, au mwili unashtuka ukigusa kasha. Kushtuka kunaashiria kuwa nyumba haina ethi au ethi imekatika, na hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, si ya fundi kompyuta. Pawa saplai usiifungue kwa hali yoyote. Kapasita zake huhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Ushahidi umekamilika, prosesa ina hatia. Ununue?

Soketi ndiyo inayoamua. Hapa chini LGA na AM ni majina ya soketi, na DDR ni vizazi vya RAM. Soma jina la mazabodi kwenye CPU-Z, kisha fungua orodha ya prosesa kwenye tovuti ya aliyeitengeneza mazabodi hiyo. Neno la muuzaji kwamba "inaingia" halitoshi. Kizazi cha 8 na 9 cha Intel kinaingia vizuri kabisa kwenye soketi ya LGA1151 ya kizazi cha 6 na 7, na hakiwaki.

*LGA1150 na DDR3.* Kutoka i5-4570 kwenda i7-4790 unapata nyuzi 8 badala ya 4, na OptiPlex 9020 inaipokea. Xeon E3-1231 v3 ni karibu sawa nayo kwa kazi, ila haina sehemu ya kutoa picha ndani yake, lazima uwe na kadi ya video. Fanya hivi kama bei ni ndogo sana. Hakuna ngazi nyingine ya maana juu yake, na RAM ya DDR3 huendi nayo popote.

*LGA1151 ya kizazi cha 6 na 7.* Mwisho ni familia ya i7-7700 (pamoja na 7700K), na bei yake ya mtumba hugoma kushuka kwa sababu kila mwenye i5 anaitafuta. Kwa kuwa pia inakwama kwenye Windows 11, mimi ningeiacha.

*AM4.* Hapa ndipo kubadilisha prosesa peke yake kunalipa. Mwenye Ryzen 5 1600 au 2600 anaweza kuweka Ryzen 5 5600, viini 6, nyuzi 12, wati 65, akabaki na mazabodi na RAM ileile, na tofauti akaiona siku hiyohiyo. Ryzen 7 5700X3D ina MB 96 za kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ambazo gemu zinazipenda sana, lakini ni ya wati 105, usiiweke kwenye A320 isiyo na vipozeo. Mazabodi za awali zilianza kuruhusiwa Ryzen 5000 mwaka 2022, kwa hiyo BIOS mpya ni lazima.

*LGA1200.* Kizazi cha 10 na 11, lakini mazabodi za H410 na B460 kwa kawaida hazipokei cha 11.

*Kuhamia AM5.* Ni DDR5 tu. Unanunua prosesa, mazabodi na RAM kwa pamoja, na bei ya RAM imepanda sana tangu mwishoni mwa 2025.

Omba bei mbili dukani: prosesa ya kuongezea peke yake, na seti ya prosesa, mazabodi na RAM. Ya kwanza ikizidi nusu ya ya pili, usitie pesa kwenye mazabodi iliyofika mwisho. Kwa kompyuta za ofisi ongeza hesabu ya pawa saplai: nyingi za Dell na HP zina plagi za aina yao, hivyo mazabodi mpya itakulazimisha kununua na kasha.

Prosesa ya mtumba ijaribiwe mbele yako, dakika 15 za Cinebench (programu ya kuipa prosesa mzigo) na CPU-Z ikiwa wazi, na risiti iandikwe modeli yake na siku za kurudisha. AM4 yenye pini chini yake igeuze uitazame kwa mshazari, pini zote zisimame kama mistari ya shamba.

Dalili ya 6: Prosesa mpya imewekwa, haiwaki

Kwanza yaliyopaswa kufanyika kabla. BIOS inasasishwa prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, na kompyuta ikiwa kwenye UPS. LUKU ikiisha katikati, mazabodi inaweza kufa. Kama umewasha BitLocker (kufuli la diski la Windows), hifadhi ufunguo wake kwingine, kwani kubadilisha prosesa yenye fTPM kunafuta funguo za zamani na Windows itakudai. Kung'oa kipoza cha AM4, endesha gemu kwanza hadi pesti ilainike, zima, kizungushe kushoto na kulia ndipo uinue. Ukikivuta wima kinatoka na prosesa imening'inia, pini zikiwa zimepinda.

Sasa kagua kwa mpangilio huu:

1. Waya wa umeme wa prosesa, pini 4 au 8 juu ya mazabodi, umerudishwa? Husahaulika kuliko kitu kingine chochote.
2. Chomoa RAM, sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, rudisha kijiti kimoja tu. Unyevu wa pwani huwekea meno hayo utando.
3. Chomoa umeme, toa betri ya CR2032 kwa dakika kumi, rudisha.
4. Tazama taa ndogo kwenye mazabodi zenye alama CPU, DRAM, VGA, BOOT. Inayobaki inawaka ndiyo inayokuelekeza.
5. Ukiulizwa kuhusu fTPM mpya na ufunguo wa BitLocker unao, bonyeza Y.
6. Rudisha prosesa ya zamani. Ikiwaka, BIOS haijasasishwa au prosesa mpya ni mbovu.

RAM ikionekana nusu, shuku pini iliyopinda. Ya prosesa ya AM4 mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kuinyoosha kwa kadi ya plastiki. Za ndani ya soketi ya Intel usiziguse, mpelekee fundi mwenye hadubini. BIOS iliyokufa nayo inafufuliwa na fundi mwenye kifaa cha kuandika chipu upya, na kwa kawaida ni nafuu kuliko mazabodi nyingine, kwa hiyo uliza bei hiyo kabla hujakubali kuambiwa ununue mpya.